Viazi vya Pahnmahi Havitazamwi

6 Oktoba 1912

Mashelisheli yamekwisha, zamu ya viazi vikuu imefika. Mvua tangu alfajiri, na paa la jiko linavuja palepale ambapo mume wangu Pehleng aliahidi kupaziba mwaka jana.

Mama mmisionari aliyenifundisha kuandika alituambia tuandike kila jioni kabla ya sala. Mimi nitaandika mchana. Jioni nina usingizi, na mchana ndipo watu wanaponiudhi.

Leo mume wangu karudi kutoka kwenye viazi vyake akipitia mtoni, magoti yote matope, ili mtu asijue ametokea upande gani. Miaka yote hii ya ndoa sijawahi kuviona. Nilimuuliza vinaendeleaje. "Ah, mama Merihna, mwaka huu hamna kitu. Panya wamemaliza." Basi nikajua ni vikubwa kupindukia.

Na vitahitajika. Mdachi ameamuru karamu ya kumtolea Nahnmwarki, mtawala wetu, iwe moja tu kwa mwaka, si kila mara kama zamani. Kwa hiyo katika hii moja kila mwanamume wa Kiti, wilaya yetu hapa Pohnpei, atachimbua alichokificha, maana hapo ndipo vyeo hutolewa. Jirani yetu Soulik ameshaanza kutamba. Soulik ni cheo, jina lake la ubatizo hata yeye amelisahau. Anatamba kanisani, anatamba mtoni watu wakioga. Kila karamu kiazi chake humzidi Pehleng, na kila karamu Pehleng hutabasamu na kumsifu. Mimi sitabasamu.

9 Oktoba

Mvua. Pehleng yuko kwenye barabara ya Mdachi, anavunja mawe.

14 Oktoba

Wapimaji wamefika kwetu Pahnmahi. Walikuja na mnyororo mrefu wa kupimia, mzigo wa vigingi, na askari waliokwenda moja kwa moja kukaa kivulini. Bwana Mpimaji mwenyewe ni mrefu, shingo nyekundu, mpole kuliko nilivyotegemea. Mkalimani wake anaitwa Etekar, mtu wa kisiwa cha Mokil, ambaye hutafsiri neno kama lilivyotoka mdomoni, haongezi wala hapunguzi.

Niliwaandalia nguruwe, viazi, ndizi za kuoka, na samaki. Nikasema inavyopasa kusema: "Tuwieni radhi, nyumba hii haina chakula. Leo mtashinda na njaa." Etekar akatafsiri. Mpimaji akamtazama nguruwe, akanitazama mimi, akaandika kitu.

Kisha akamgeukia Pehleng. "Ardhi hii ni ya nani?"

Pehleng akainamisha kichwa. "Ya Nahnmwarki, Bwana. Sisi tumejishikiza tu hapa."

"Nani anailima?"

"Ah, kulima! Pori tu hili. Tunaokota kinachoanguka."

"Huna mazao?"

"Mazao gani, Bwana? Mimi mvivu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na moyo wangu ulijaa. Nikasema moyoni, watu wa mjini Kolonia waje hapa wajifunze adabu. Pahnmahi ni ya ukoo wa mama yangu tangu mababu, kaka yake mama ndiye aliyempa Pehleng ailime siku tulipooana, na hakuna mtu Kiti asiyejua. Ndiyo maana haina haja ya kusemwa.

Walipovuka kwenda kwa Soulik tuliwasikia hadi huku. "Yangu!" alikuwa akipayuka. "Kuanzia mtoni mpaka kule kileleni! Na ule mti yangu! Na nguruwe yule, yangu!" Binti yetu Merihna alicheka mpaka akakaa chini. Mtu mzima kama yule, cheo chote kile, hana haya hata chembe.

Kwake walichomeka vigingi vyeupe, kwetu vyekundu. Nikaona vyetu vinapendeza zaidi.

15 Oktoba

Nimefua. Hakijakauka kitu.

19 Oktoba

Merihna anauliza vigingi vitang'olewa lini, maana vinamzuia kufunga nguruwe. Nimemwambia awe na subira.

22 Oktoba

Leo baada ya ibada Etekar alisimama kwenye ngazi ya kanisa akasoma tangazo. Ardhi ambayo waliomo wametamka wenyewe kwamba si yao, na kwamba hawailimi, inakuwa ya serikali. Serikali itawapa watu wa visiwa vidogo ambao kimbunga kiliwafagilia nyumba na minazi. Waliomo wataondoka kabla Januari haijaisha. Kisha akataja sehemu zenyewe. Pahnmahi aliitaja kwa sauti ileile aliyotajia nyingine, kama mtu anayeita watoto darasani.

Hakuna aliyepiga kelele. Tangu watu wa Sokehs walipomkatalia Mdachi kazi ya barabara, wakubwa wao wakapigwa risasi na waliobaki wakapakiwa melini, wazee kwa watoto, hakuna mtu Pohnpei anayepiga kelele tena.

Tulitembea hadi nyumbani. Tulipofika kwenye kaburi la mama, Pehleng alisimama. "Lakini nilijibu vizuri," alisema.

"Ulijibu vizuri mno."

Sikumlaumu. Mimi nilisimama mlangoni nikijisifia mume. Tumefukuzwa kwetu kwa ajili ya adabu, na huyu Soulik, ambaye watu wote walimcheka, analala juu ya ardhi yake. Nimelia kidogo, halafu nimeacha, kwa kuwa kulia hakutang'oa kigingi.

Siondoki hapa. Naliandika ili nisije nikajisahaulisha.

26 Oktoba

Tulikwenda Kolonia kwa mtumbwi, tukipita kwenye mikoko mpaka maji yalipotuishia, tukavuta. Tulikalishwa kwenye kibaraza hadi jua likatupa kisogo. Mpimaji alipotoka alitukumbuka mara moja. Alimkumbuka nguruwe.

"Mlisema si yenu," alisema kwa mdomo wa Etekar.

"Tulisema kwa adabu," nikajibu.

Akauliza adabu inaingiaje kwenye ardhi. Nikamtazama Pehleng, maana mwanamume ndiye anayesikilizwa pale. Pehleng akasogea mbele.

"Labda, Bwana, kama haitakuudhi, ni yetu kidogo."

Nilimkanyaga mguu.

"Kidogo kiasi gani?" Mpimaji aliuliza, na Mungu anisamehe, alikuwa anauliza kweli, penseli mkononi.

Nikachukua maneno mimi. Nilimwambia kuna viazi humo ndani, vya miaka, na kila kimoja kina jina. Akasema viazi vya mwituni navyo viko kila mahali, kiazi hakimjui aliyekipanda. Anataka shahidi. Mtu asiye wa nyumba yetu, aliyemwona Pehleng kwa macho yake akipanda na kuchimba Pahnmahi, mwaka hadi mwaka. Atamsikiliza siku ya karamu ya Nahnmwarki, kwa kuwa Kiti nzima itakuwepo. Baada ya hapo amefunga.

Nilipomwambia kwamba ardhi yenyewe ni ya ukoo wa mama yangu, akatikisa kichwa. Hati huandikwa jina la mwanamume, na mwanawe wa kiume baada yake. Hilo nimelimeza kwa sasa. Nitapigania udongo kwanza. La jina nitalirudia, maadamu niko hai.

Njiani nilikuwa na furaha. Shahidi! Majirani wote wale, nitakosa shahidi mmoja?

Pehleng alikuwa anapiga kasia, hanitazami. "Utakosa," alisema.

29 Oktoba

Nimeanza na mzee Lepen, ambaye hupita mpakani kwetu kila siku ya Mungu.

"Kaka Lepen, wewe umemwona Pehleng akilima."

"Mimi hupita nikitazama chini, Welihna."

"Hujaona majani ya viazi yamepanda mitini?"

"Naona miti."

"Na juu ya miti?"

"Juu ya miti kuna mbingu."

Nikamwomba, nikamshika mkono. Akaanza kukasirika. "Unataka nikasimame mbele ya Nahnmwarki niseme nilichungulia viazi vya mwenzangu? Afadhali niseme nilimchungulia mkewe akioga!"

3 Novemba

Nimezunguka nyumba zote za bonde hili. Sijaona. Sijaona. Mimi sina macho ya mbali. Binamu yangu wa damu, tuliyenyonya pamoja, kaniuliza kama namtusi. Wote wana huruma, wote wananipa chakula cha kubeba, na wote wanasema hakuna chakula.

Hawa ndio watu ninaowapikia kila msiba. Wanajua kila shimo la Pehleng lilipo, maana wanajua kwa kukwepa. Ukitaka kujua viazi vya mtu viko wapi huku kwetu, tazama ni wapi jirani zake hawageuzi shingo.

Nilirudi nikamwaga hasira zote juu ya Pehleng. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Usiwalaumu," alisema. "Ningeulizwa juu yao ningejibu hivyohivyo."

"Basi wewe nenda na mmoja wao porini sasa hivi, umwonyeshe!"

Akanitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni. Alitoka nje, akakaa mvuani.

11 Novemba

Mto umepanda hadi kwenye mawe ya kufulia.

12 Novemba

Bado.

18 Novemba

Nilikuwa namenya ndizi huku nikizikumbuka karamu, moja baada ya nyingine, kwa uchungu tu. Mwaka Merihna alipobatizwa, kiazi cha Pehleng kilibebwa na watu wanne. Cha Soulik, watano. Mwaka wa ule upepo mkubwa Pehleng hakuwa na kitu cha maana, alileta cha watu wawili, na Soulik siku ile alileta cha watu watatu. Nakumbuka alivyotamba nacho, kile cha watatu. Lakini karamu iliyofuata, miezi michache tu baadaye, alileta cha watu saba, na kiazi cha watu saba hakikui kwa miezi michache. Kilikuwa ardhini muda wote ule.

Mtu mwenye majigambo kama Soulik ana cha watu saba ardhini, halafu analeta cha watatu? Kwa nini? Labda kama anajua kwamba cha watatu kinatosha.

Kisu kiliniponyoka. Kila karamu anamzidi mume wangu kidogo tu. Hajawahi kumzidi sana. Na hajawahi kukosea.

20 Novemba

Nilimkuta Soulik ameketi mbele ya jiwe la sakau, anaponda mizizi ya kinywaji chake cha jioni. Mkewe Serihna alikuwa pembeni akichagua magome ya kukamulia. Sikukaa.

"Soulik, wewe huwa unachungulia viazi vya mume wangu."

Jiwe lilisimama hewani. Akaliweka chini kwa kishindo.

"Toka! Mwanamke mwendawazimu wewe! Unakuja kunivunjia heshima kwangu?"

"Ninakuja kukuomba. Wewe peke yako Kiti nzima ndiye uliyeona. Sema uliyoyaona, tubaki kwetu."

"Sijaona kitu!" Akainama, akashusha sauti. "Welihna, unajua karamu hii napandishwa. Limeshasemwa, Nahnmwarki ameshakubali. Nikitamka neno kama hilo, cheo kwaheri. Hata hiki nilicho nacho nitakivaaje?"

"Na mimi kaburi la mama yangu nitalibebaje?"

"Nitakana," alisema. "Ukiniuliza mbele ya watu, nitakana."

"Basi utakana ukinitazama usoni."

Serihna alinisindikiza hadi njiani, akijifanya ananipa moto wa kwenda nao. "Miguu yake huja na udongo mwekundu," alininong'oneza. "Kwetu udongo ni mweusi, mwekundu uko kwenu tu. Lakini usinitaje, dada. Mimi sijaona chochote. Nimeosha mkeka tu, miaka yote."

Pehleng sijamwambia. Akijua kuna jicho lililomwona porini, hatakula.

1 Desemba

Soulik hakuja kanisani. Mara ya kwanza.

9 Desemba

Wameletwa kuiona ardhi. Familia moja kutoka kwenye hivyo visiwa vidogo: bwana, mkewe, mtoto mgongoni, na bibi kizee aliyekuwa akigusa kila mnazi wetu kama haamini umesimama. Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia. Nilikuwa na maneno yangu tayari.

Yule mama alisimama mbali na kaburi, hakulikanyaga. "Dada," alisema, "tuliambiwa hapana mtu."

"Ndivyo tulivyosema wenyewe," nikamjibu.

Akaanza kulia. Nikawapa chakula, nikawaambia hakuna chakula, na wao wakasema wameshiba, na kumbe tangu jana hawajala. Wanajua adabu hawa. Laiti wangekuwa washenzi, ingekuwa rahisi. Lakini si mimi niliyewaletea kimbunga, na Mdachi ana ardhi ya kutosha aliyoitwaa Sokehs. Awape huko. Mimi siondoki.

20 Desemba

Pehleng anachimba. Hakusema, lakini nimeona kucha zake. Hiki hakichimbwi kwa jembe, kinachimbwa kwa mikono, mtu amelala kifudifudi, asije akakikwaruza. Jioni alisema tu, "Ni kile cha mwaka aliofariki mama yako. Nilikuwa namwekea Merihna, siku atakayoolewa. Basi kiwe cha kuaga."

"Cha kumuaga nani?" nikamuuliza. "Mimi siendi popote."

Akatabasamu, lile tabasamu lake la kumsifia Soulik. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nimemkumbatia.

25 Desemba

Krismasi. Mvua. Tumeimba.

4 Januari 1913

Nitaandika yote leo, hata kama mkono utauma.

Jumba la karamu lilijaa mpaka chini ya michirizi ya paa. Nahnmwarki alikaa juu jukwaani, mawe ya sakau yakipigwa chini yake, yote kwa mlio mmoja. Mpimaji alipewa kiti. Etekar alichuchumaa karibu naye. Sisi wanawake tulikuwa upande wetu, nami nilijitafutia mahali ambapo Soulik hangeweza kunikwepa kwa macho.

Viazi viliingia vimefungwa kwenye miti, wabebaji wakiimba. Cha Lepen watu watatu. Cha binamu yangu watu wanne. Kisha kikaja cha Pehleng, nami nikakiona kwa mara ya kwanza, pamoja na watu wengine wote: watu wanane, miguu inayumba, na ncha yake bado ina udongo mwekundu. Sikujua kama mtu anaweza kuishi miaka mingi hivi na mwanamume na asijue anafanya nini mchana. Watu walipiga ukelele. Pehleng alikuwa amejificha nyuma ya nguzo, anasema kwa kila anayempongeza kwamba ni kiazi kibovu, kina maji.

Halafu cha Soulik. Watu tisa.

Watu walisimama. Kila mmoja alijua cheo kimepata mtu. Mwita vyeo alikuwa ameshashika kikombe, ameshafungua mdomo, ndipo Mpimaji akainuka akasema maji yanakupwa, mashua yake itakwama kwenye mikoko, anaomba amalize lake kwanza.

Etekar akatangaza. "Pahnmahi. Kuna mtu aliyemwona Pehleng akiilima?"

Mawe yalikuwa yamenyamaza, mvua tu kwenye paa. Kiti nzima ilikuwa inatazama mikeka.

Nikasimama. Mwanamke hasimami pale, najua. "Soulik," nikasema, "jirani yangu. Nakuuliza mbele ya Nahnmwarki. Umewahi kumwona mume wangu akilima Pahnmahi?"

Alinitazama usoni, kama nilivyomtaka. "Sijaona," alisema.

Na hapo Pehleng akatoka nyuma ya nguzo. Hajawahi kusema mbele ya watu maisha yake yote.

"Msimsumbue," alisema. "Naomba msamaha kwa ajili ya mke wangu, ana uchungu. Soulik ni mtu wa adabu. Tumekaa mpaka mmoja miaka yote hii, hajawahi kugeuza shingo kwangu. Hawezi kuwa ameona."

Akainama kwa Soulik. Akageuka arudi kwenye nguzo yake.

"Kaa chini, Pehleng," Soulik alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya kutambia. "Kaa chini, kaka. Nimeona."

Mtu mmoja alishusha pumzi kama amechomwa. Soulik alisimama, na alipoanza hakuweza kuacha. Alitaja shimo la kwanza, lililo nyuma ya mwamba wenye ufa, na aina ya kiazi kilichomo. Alitaja la pili, la tatu, yale ya kando ya kijito. Alitaja mwaka ambao Pehleng alivifukia viazi majani makavu usiku wa upepo mkubwa, amevilalia kwa tumbo lake ili visifukuliwe na maji, na yeye Soulik amejibanza kichakani analoa vilevile, kwa sababu alitaka kujua vitapona.

"Anaongea navyo," Soulik alisema. "Anaviomba radhi jua likiwa kali. Kile kilicholala hapo, cha watu wanane, anakiita kwa jina la mama mkwe wake. Mwaka ule aliofariki alikipanda huku analia. Mimi nilikuwa pale. Hakuna mtu mwingine aliyelima Pahnmahi. Nimemwona kwa macho yangu haya, kila mwaka, tangu alipooa."

Wengine walikuwa wameanza kucheka pale kwenye kuongea na viazi. Waliacha.

Mpimaji akauliza kitu. Etekar akamgeukia Soulik: "Bwana anauliza, wewe ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nilikuwa nachungulia," alisema Soulik.

Etekar, yule asiyeongeza wala kupunguza, alimtazama Soulik kwanza. Kisha akatafsiri. Baadaye nilimuuliza alimwambia nini Mdachi. Alimwambia: "Alikuwa anapita."

"Basi," Mpimaji akasema, penseli tayari. "Pehleng. Ardhi ni ya nani?"

"Ya mke wangu," Pehleng akajibu papo hapo.

"Mwanamke haandikwi."

Mume wangu alinitazama kutoka ng'ambo ya jumba lile. Nilijua ninachomwomba. Ningeweza kumwomba mkono wake akaukata kwa urahisi zaidi. "Sema," nikamwambia.

Midomo ilicheza. Etekar akamwomba arudie, hakusikia.

"Yangu," Pehleng alisema, na sauti ikampasuka, akafunika uso kwa mikono yenye udongo. Mzee Lepen alimshika bega. Hakuna aliyemcheka.

Mpimaji akakimbilia mashua yake. Mawe yakaanza kupigwa tena. Mwita vyeo akanyanyua kikombe, akatazama jukwaani, akaona alichoona, akaita mtu wa bonde jingine. Sakau ilizunguka kwa daraja, na ilipofika kwa Soulik mkono wa mgawaji ukampita kama vile mkeka ule hauna mtu. Alikaa wima mpaka mwisho wa karamu, mikono magotini. Sikuweza kumwangalia, na nilijilazimisha kumwangalia.

7 Januari

Wamebadilisha vigingi. Vyeupe. Wale wa visiwa vidogo watapewa Sokehs, Etekar amesema, na yule mama amenitumia mkeka. Nimeshukuru kwa kusema ni mzuri kuliko ninavyostahili, na safari hii ni kweli.

12 Januari

Soulik hatoki. Watoto wakipita kwake wanaweka vidole machoni kama wanaochungulia, na mama zao hawawakanyi. Nimekwenda na chakula. Serihna alinipisha.

Nilimwambia sina maneno ya kumshukuru. Alikuwa amekaa mbele ya jiwe lake la sakau, kavu, halijapondewa kitu.

"Sikuwa nimekusudia," alisema. "Nilikuja nimeamua kukana, na nikakana. Halafu yule mumeo akasimama kunitetea! Mtu mjinga yule! Kunitetea mimi!" Alijifuta pua. "Na tena, Welihna, wakija wageni hapo, mimi nitashindana na nani? Miaka yote hii nimeamka kwa ajili ya viazi vya Pehleng."

Nilimwambia hakuna chakula kwenye kikapu. Akala chote.

15 Januari

Pehleng hajasema neno juu ya Soulik tangu karamu. Nimemwuliza kama amemkasirikia. Kaenda kuangalia nguruwe.

21 Januari

Jua, hatimaye. Nimeanika kila kitu.

Asubuhi nilisikia panga upande wa mpaka wa Soulik. Nikaenda. Pehleng alikuwa amevua shati, anafyeka ile miiba iliyosongamana toka kwa Soulik hadi porini kwetu, anaitupa pembeni, ameshafungua upana wa kutosha mtu mzima kupita.

"Unafanya nini?"

"Nafyeka njia."

"Njia ya nani?"

Hakunitazama. "Huku anakopitia kuna miiba mingi," alisema. "Na umri wake umekwenda."

Nilikaa juu ya jiwe nikamtazama mpaka alipomaliza. Akachukua mbegu zake na sepetu, akaelekea porini kwa njia ya mtoni, kama siku zote, ili nisijue anakwenda upande gani. Aliporudi magoti yalikuwa mekundu. Nikamuuliza vinaendeleaje.

"Ah, mama Merihna," alisema. "Mwaka huu hamna kitu. Panya wamemaliza."